Mashine Isiyojua "Kidogo Tu"

Mashine yetu ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na katika uzito wote huo kilichokufa hakikuzidi kilo mbili. Chuma kizima. Meza nzima. Skrubu zake bado zimekaza, hazina plei ya kusumbua, na mota zote zinazunguka. Kilichokata roho ni vibao vichache vya elektroniki ndani ya kabati lake, yaani ubongo. Dalali aliyetuuzia aliapa kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku ilipozimwa, maneno ambayo marehemu yeyote anaweza kusemewa.

Kwa asiyeifahamu, hii ni mashine ya milingi: kisu kinazunguka juu, meza inasogea chini huku chuma chako kimebanwa kwenye jiliwa, na kisichotakiwa kinatoka chenga chenga. Ikiwa ni ya CNC, anayesogeza meza si mkono wa fundi bali kompyuta, kwa kufuata namba. Yetu ilikuwa mali ya chuo fulani huko Uingereza, ilikotumika kufundishia vijana tangu miaka ya 1980, kabla ya kuuzwa kwa mnada na kufungiwa kwenye kontena pamoja na viti vya darasani. Ilipofika karakanani kwetu Gerezani ikaonekana ni ndefu kuliko mlango. Mlango ndio uliokubali yaishe.

Mimi si fundi. Nashika daftari la karakana, na mengi ninayosimulia niliyaona nikiwa nimekaa. Mafundi ni wawili. Wa kwanza ni Anko, ambaye ana umri wa kuitwa babu ila hataki, na alianza kuchonga chuma kabla wazazi wa mwenzake hawajaoana. Lugha yake ya kazi ni fupi: "Toa unywele." "Rudisha kidogo tu." "Kaza kiasi, usiue." Vijana wote waliopita mikononi mwake waliielewa, na shafti zao huingia kwenye beringi bila nyundo. Wa pili ni Dogo, aliyesomea elektroniki. Dogo hupima muda kwa sehemu ya milioni ya sekunde, ingawa asubuhi huchelewa nusu saa nzima.

Dogo ndiye aliyetangaza kwamba mashine isiuzwe skrepa. Alieleza kwamba mitambo ya umri ule ilihifadhi kumbukumbu zake kwa betri. Betri ikifa, mashine inasahau kila kitu, hata urefu wa meza yake yenyewe. Vibao vya kubadilisha havitengenezwi tena, na vya mtumba vina umri uleule na maradhi yaleyale. Mashine mpya? Bei yake niliiandika kwenye daftari, nikaikata kwa mstari, maana ilikuwa inanitazama vibaya. Basi dawa ni moja, akasema Dogo: tubakize mwili, tutupe ubongo. Tununue draiva mpya za mota, kompyuta ya kawaida, na tuweke programu iitwayo LinuxCNC, ambayo chimbuko lake ni kazi iliyofanywa miaka ya 1990 na NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na vipimo, na sasa inaendelezwa na watu wanaojitolea. Ni ya bure. Niliposikia bure, nikaunga mkono mradi mzima kabla hajamaliza sentensi.

Anko alitaka kwanza kujua nani alianzisha huu upuuzi wa kuongoza chuma kwa namba. Dogo akamsimulia habari za John Parsons, Mmarekani wa Michigan aliyekuwa anatengeneza mapanga ya helikopta, aliyetaka umbo la panga lifuate hesabu badala ya jicho la fundi. Na jinsi ambavyo mwaka 1952 wahandisi wa MIT walionyesha mashine ya milingi inayosoma amri kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Anko alitafakari. "Na karatasi ikilowa?"

Kompyuta yenyewe ilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Dogo alitaka ya mezani, ya zamani, yenye ule mlango mpana wa printa wa matundu 25, kwa sababu programu hutumia mlango huo kupeleka mapigo ya umeme kwa draiva, pigo kwa pigo. Nenda Kariakoo ukaulize kitu hicho uone. Duka la kwanza walituletea laptopu nyembamba kama chapati. Duka la pili kijana aliita wenzake waje watusikie. La tatu mwenye duka, mtu mzima, alitutazama kwa huruma akasema, "Wanangu, hiyo nendeni Makumbusho," na sikujua alimaanisha kituo cha daladala au jengo lenyewe. Mwishowe tuliipata chini ya meza ya steshenari moja, ikiwa imeshikilia mguu uliovunjika. Tulimnunulia mwenye steshenari tofali mbili, tukaondoka nayo.

Kisha likafunguliwa kabati. Mijusi wawili walitoka kwa hasira za wapangaji wasiopewa notisi. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo katika kila tundu la skrubu. Na kwenye ukuta wa ndani kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, kupigiwa mstari mara mbili: mtu yeyote asiuguse waya wa bluu.

Waya zote ndani ya kabati zilikuwa za bluu.

Dogo alisema ndivyo desturi ya makabati ya viwandani, waya za kuongozea mara nyingi huwa na rangi moja na hutofautishwa kwa vibandiko vya namba. Vibandiko vilikuwa vimedondoka, vyote viko chini, vimerundikana vizuri kabisa. Tangu hapo kila aliyeingia karakanani, hata aliyekuja kuuza soksi, alipelekwa kukiona kile kikaratasi, na kila mmoja alichagua waya anaoushuku.

Siku meza iliposogea kwa mara ya kwanza kwa amri ya kompyuta, Anko alipiga makofi, kisha akaona ile kompyuta ina spika, akaomba taarabu. Mtu akaweka taarabu. Sasa, kompyuta hii ikiikimbiza meza mita moja na nusu kwa dakika, inatakiwa itoe karibu mapigo 10,000 kila sekunde, kwa mpangilio, bila kupepesa. Ikipumzika kidogo tu ili itafute wimbo unaofuata, mapigo yanachelewa. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kwenye kiitikio mota ikakoroma, meza ikaganda, na skrini ikaandika kwa adabu kwamba umetokea ucheleweshaji usiotarajiwa. Anko alisema mashine haina utu. Dogo alisema ina utu ila haina muda. Spika zikahamia kwa mama ntilie.

Ndipo ikaanza ile ya kusimama ovyo. Pembeni mwa kila njia ya meza kuna swichi ndogo ya usalama. Meza ikifika mwisho inaigusa, na mashine inasimama kabla haijajiumiza. Mashine yetu ilianza kusimama katikati ya safari, mbali na swichi yoyote, huku ikidai kwamba imefika mwisho. Dogo alibadilisha swichi. Akabadilisha waya. Akabadilisha kadi. Anko alishauri asomewe mtu dua, hakufafanua ni nani. Mimi kwenye daftari niliandika "swichi" mpaka ukurasa ukaanza kufanana na adhabu ya shule.

Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba mchana, watu wakienda kula, ilifanya kazi vizuri. Unarudi umeshiba, inasimama. Nadharia zilikuwa nyingi: joto, kivuli, kwamba haipendi kutazamwa. Dogo alianza kula akiwa amesimama mlangoni ili aichungulie bila yenyewe kujua.

Aliyetegua kitendawili ni mama ntilie, alipokuja kukusanya sahani. Alisimama na beseni lake kiunoni, akatazama kwetu, akatazama kwa jirani yetu anayechomelea mageti, akatazama tena kwetu.

"Nyie," akasema, "mbona huyu akitoa cheche na hiyo yenu inanyamaza?"

Kimya. Jirani akaombwa aguse chuma. Akagusa: cheche, na meza yetu ikaganda. Akaambiwa aache, ikaendelea. Aguse tena, ikaganda. Mchana yule bwana huwa anakula na sisi, ndiyo maana. Kumbe kila anapowasha moto, umeme wake hutupa vurugu hewani na kwenye nyaya, na waya zetu za swichi, nyembamba na ndefu, zenye volti 5 tu, zilizidaka zile vurugu kama antena. Kompyuta ikasoma vurugu hizo kuwa swichi imeguswa, ikatii. Tena ndani ya kabati tulikuwa na mpiga kelele wetu wenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu kwa ajili ya mota ya kisu, na waya wake mnene tuliulaza sambamba na zile nyembamba. Dogo alizitenganisha, akaweka nyaya zenye ngao ya nyuzi za shaba, ngao akaiunga kwenye athi upande mmoja tu, na swichi akazipandisha kutoka volti 5 hadi 24. Ikatulia. Jirani alihuzunika kidogo. Alishazoea kuwa na mamlaka juu ya mashine ya watu, na mpaka leo kabla ya kuanza kazi huita ng'ambo ya ukuta, "Inanisikia?"

Basi ikaja kazi ya kwanza ya kulipwa: bamba la kufungia mota ya mashine ya kukoboa mahindi, matundu manne, umbali wa milimita 100 kutoka tundu hadi tundu. Lilitoka linang'aa. Mteja akapeleka bolti: ya kwanza ikaingia, ya pili ikagoma.

"Imezidi," akasema Anko.

"Kiasi gani?" akauliza Dogo.

"Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi, Anko? Mashine inataka namba."

"Bolti haiingii. Hiyo ndiyo namba."

Dogo alifungua programu akaonyesha kila mtu, pamoja na mteja, kwamba mstari wa kwanza una G21, amri inayoiambia mashine kuwa tunazungumza milimita. Hesabu haina kosa. Mteja naye akaapa kwamba mota yake haina kosa. Ikabaki lawama inazunguka bila mwenyewe, na kwetu lawama ya namna hiyo hatimaye hukaa kwenye daftari. Anko akachomoa venia yake, ile aliyoirithi, akapima bamba. Akasoma. Akafuta kioo cha miwani, akasoma tena.

"Mia moja na moja, nukta sita." Akamwambia Dogo, "Isogeze meza hamsini." Akapima. "Hamsini nukta nane."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pipa la oili la kukalia. "Inchi nne!" akasema. "Na hii inchi mbili! Wewe mtoto unaiamrisha milimita, mashine inakujibu kwa inchi!"

Alikuwa sahihi kabisa. Skrubu ya meza ni ya kizamani, mzunguko mmoja unasukuma meza sehemu ya tano ya inchi, yaani milimita 5.08. Dogo, kwenye faili la vipimo, alikuwa ameandika 5, kwa sababu skrubu alizozisomea zilikuwa za 5. Kwa hiyo tukiagiza milimita 100, mizunguko 20 inatoka, na meza inatembea inchi nne kamili, yaani milimita 101.6. Nami nikaona ajabu: huyu Dogo, mji anaoishi mabomba yanauzwa kwa inchi na mbao zinaitwa mbili kwa nne, na wiki ileile alikuwa ametumwa bomba la nusu inchi akalileta sawasawa.

Akarekebisha. Mapigo 400 kwa milimita yakawa 393.7008. Anko alisema zile namba nne baada ya nukta ni majivuno, lakini tulipochonga bamba jipya bolti zote ziliingia kwa vidole. Alipima mwenyewe: 100.02.

"Na hiyo mbili ya mwisho?" akauliza.

"Hiyo haina shida, Anko. Ni ndogo mno."

"Ndogo kiasi gani? Nipe namba."

Hapo ndipo nilipojua tumempoteza. Siku hizi Anko hasemi tena toa unywele. Unywele, anasema, una milimita ngapi, na wa nani? Anasimama nyuma ya Dogo akisoma G na X na Y kwa sauti ya gwaride la JKT, na kila akipita karibu na kitufe chekundu cha dharura hukibonyeza, kuhakikisha. Vijana wapya wanamwogopa kuliko mashine.

Juzi alikuja mteja na puli yake ya pampu, imepasuka. Alitaka kama hiyo, ila tundu la katikati liwe kubwa kidogo.

Dogo vidole viko kwenye kibodi, akageuka kumtazama Anko. Anko akamgeukia mteja.

"Kidogo kiasi gani, bwana?"

Yule bwana akatenganisha kidole gumba na cha shahada, akavinyanyua hewani. "Kama hivi."

Anko hakujibu. Alichomoa venia, akaisukuma ndani ya nafasi ile ya vidole, akaibana taratibu mpaka taya zikagusa ngozi zote mbili, akainama kusoma.

"Saba nukta nne. Andika, Dogo." Kisha akainua macho. "Hapana, futa. Amepumua. Bwana, shika pumzi, tuanze upya."