Sifa za Kibali Kinachochelewesha Kazi

Mafundi wengi wa kuchomelea hawakipendi kibali cha kazi cha kidijitali, kinachojazwa kwenye simu, na sababu wanazo. Mitungi ya gesi imefungwa kwenye toroli, msaidizi amevaa glavu, na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Lakini simu inataka picha ya kizimamoto. Inataka jina la mtu atakayelinda moto. Inataka kipimo cha gesi kilichochukuliwa sasa hivi, si cha asubuhi. Ikishapewa yote hayo, inamtaka msimamizi wa eneo afike mwenyewe penye mtambo ndipo sahihi yake ikubaliwe, naye yuko upande wa pili wa kiwanda. Kazi ya dakika kumi imekula saa nzima.

Nausifu usumbufu huo, na sitaki upunguzwe hata chembe. Kila swali linalotukera lipo kwa sababu kuna mahali halikuulizwa, na watu wakafa.

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu A ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Ilikuwa na vibali viwili vya karatasi: kimoja cha matengenezo ya pampu yenyewe, ambayo hayakuwa yameanza, na kingine cha valvu yake ya usalama, ambayo ilikwisha kung'olewa. Jioni ilifika valvu haijarudishwa, na tundu lake limezibwa kwa kifuniko cha chuma kisichoziba barabara. Usiku pampu B ikazimika na kugoma kuwaka. Watu wa zamu walijua habari za kibali cha kwanza. Za kile cha pili hawakuzijua. Wakaiwasha pampu A. Gesi ikavuja, mlipuko ukatokea, na watu 167 wakafa, wakiwemo waokoaji wawili. Lord Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na utaratibu wa vibali ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyakosoa vikali.

Vibali vyote viwili viliandikwa. Kilichokosekana ni cha kuvikutanisha. Hapo ndipo mfumo wa kidijitali unapostahili sifa yake kubwa. Pampu ikiwa na vibali viwili, mfumo unavionyesha vyote viwili kwa kila anayeigusa, wa mchana na wa usiku. Kibali kilichosimamishwa hakifichiki ndani ya faili la ofisi nyingine. Kinabaki kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, na mtambo haurudishwi kazini mpaka kifungwe. Unajaza mambo yaleyale mara mbili? Jaza. Zamu inayoingia haikuwepo ulipokuwa unafungua bolti.

Chukua pia kazi ya kuingia ndani ya tangi. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9. Viwango vingi vya usalama vinakataza mtu kuingia bila vifaa vya kupumulia ikishuka chini ya asilimia 19.5, na tofauti hiyo ndogo haionekani kwa macho wala haisikiki puani. Kutu peke yake, ndani ya tangi lililofungwa muda mrefu, inaweza kuila oksijeni. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi hakifai alasiri, na ndiyo maana kibali kinakwisha muda wake na kudai upime upya hata kama umeshapanda ngazi. Anayeanguka ndani mara nyingi hufuatwa na rafiki anayekimbilia kumwokoa, na wote wawili wakabaki humo.

Lakini sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya kibinadamu. Katika karakana zetu, kijana wa mwaka wa kwanza hamwambii mkubwa wake "hapana" kirahisi. Heshima inamfunga, na mkate wake uko mikononi mwa huyo mkubwa. Meneja akisema meli inasubiri, kijana atapanda. Sasa ana neno la kusema, tena bila kumvunjia mtu heshima: "Mfumo umekataa, bosi." Mkubwa atafoka, ila atafokea simu. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe kibali kwa kazi za hatari. Simu inalifanya takwa hilo lisimame hata mbele ya mwenye haraka.

Kwa hiyo wanaoomba mfumo "urahisishwe", kwa kunakili kibali cha jana au kusaini ukiwa mezani, wanaomba kiondolewe kilicho na faida ndani yake. Kibali kinachopita bila kumsimamisha mtu ni karatasi iliyohamia kwenye simu. Kiachwe kiulize, kisumbue, kicheleweshe kazi. Meli itasubiri, na malipo ya kuchelewa kwake yanahesabika. Ya uhai wa fundi hayahesabiki.