Sifa za Mheshimiwa Tripanosoma

Simba na tembo wameshasifiwa vya kutosha. Mlinzi halisi wa mapori yetu hajapewa hata kibao getini. Ni tripanosoma, kimelea wa malale, kiumbe wa seli moja anayesafiri kwa mbung'o. Si mnyama, si mmea, si kuvu wala bakteria. Yumo kwenye kundi la protista, ambamo wanasayansi wamewarundika wote waliokosa ukoo. Yuglena wa madimbwini, yule wa kijani anayejilisha kwa jua, ni ndugu yake wa mbali. Mpole sana, na hajawahi kumhamisha mtu.

Mtafute kwa darubini katika tone la damu mbichi. Kwanza utaona chembe nyekundu zikisukwasukwa bila sababu, kisha atachomoza mwenyewe, mwembamba, akijinyonganyonga, utando ukipepea ubavuni. Kimelea wa malaria hujificha ndani ya chembe hizo. Huyu huogelea hadharani, kingamwili zikimwona.

Anategemea mavazi. Mwili mzima ameufunika kwa protini ya aina moja, molekuli zipatazo milioni 10. Kinga ikishaikariri na kuanza kuua, wachache huwa wamekwishabadili vazi, na hao ndio huzaana. Homa inashuka, mgonjwa anamshukuru Mungu, kisha homa inarudi. Kabatini zimo jeni za mavazi zaidi ya 1,000. Nyingi ni mbovu, lakini hatupi kitu: huchukua vipande vyake akaunga vazi jipya. Hata jeni inayomkinga tripanosoma wa Afrika Mashariki dhidi ya sumu iliyomo katika damu yetu ilitokana na jeni ya vazi, ikapunguzwa.

Na ana ubaguzi wa kupendeza. Nyati na pongo humbeba bila taabu. Ng'ombe hukonda na kufa. Ndiyo maana mapori mengi yalibaki mapori, bila askari wala senti ya bajeti. Mwanzoni mwa karne ya 20 alizuru mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Wanaokadiriwa kuzidi 200,000 walikufa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Ofisa ardhi gani ana rekodi hiyo?

Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazoli, na wagonjwa wamepungua sana. Nyati hawajaulizwa maoni yao.