Jobo, viroba na Bibi Hamsini na Mbili

Ukiingia jikoni kwetu Kilwa Masoko, tazama juu. Pale moshi ulipolipaka bati weusi utaona tundu la ukubwa wa sinia la pilau, limezibwa kwa kipande cha turubai la buluu. Wageni huuliza. Mke wangu huwajibu neno moja, "Jobo", kisha anaendelea kukuna nazi kama aliyemtaja mdeni sugu. Ni kweli na si kweli. Jobo hakuligusa bati lile. Tulilitoboa wenyewe.

Mwenzangu uliyeoa pwani utanielewa. Nyumba yangu ina serikali kamili, na mie simo hata kwenye kamati ya maji. Mke wangu ndiye Kamanda. Binti yangu wa kwanza tunamwita Redio Kivinje, maana habari ikizaliwa Kivinje asubuhi, saa nne anayo, na saa sita ameshaiongezea mguu. Shemeji yangu ni Injinia. Cheo hicho alikipata mwaka alipofungua redio yangu kuitengeneza. Tangu siku hiyo redio inashika stesheni moja, na hiyo moja ni ya taarabu tupu. Na juu ya wote yupo mama mkwe, mzaliwa wa Lindi mjini, ambaye watoto wamembatiza Bibi Hamsini na Mbili.

Jina hilo linatokana na kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Yeye alikuwa na miaka minane. Mvua yoyote ikinyesha hapa, hata ile ya kulowesha kanga moja kwenye kamba, Bibi huanza: "Mwaka wa hamsini na mbili..." Nilipomwoa bintiye, katika kisa hicho bati moja liliruka. Mtoto wa kwanza alipozaliwa yakawa mabati ya mtaa mzima. Sasa ipo mashua iliyookotwa juu ya mwembe, na ndani yake mna kuku hai. Lakini mna jambo halibadiliki hata chembe. Anasema upepo ulivuma upande mmoja ukaangusha minazi, ukanyamaza kimya kabisa hadi watu wakatoka nje kutazama, halafu ukarudi kutoka upande wa pili ukachukua iliyobaki. Hilo mie naliamini, maana ndivyo vimbunga vilivyo: katikati pana shimo la utulivu, na mtu akipitiwa na shimo hilo hudhani salama, kumbe ni nusu ya kwanza tu.

Sasa sikiliza. Aprili 2021, tuko kwenye Ramadhani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kuna kimbunga baharini kinaitwa Jobo, kinakuja pwani yetu. Mikoa ikatajwa, Lindi imo. Redio Kivinje akaileta habari ikiwa na miguu mitatu. Kufika Jumamosi dukani hamna msumari, hamna mshumaa, hamna kamba. Jamaa mmoja kaninyang'anya tochi ya mwisho mkononi, na ni mtu tunayesali safu moja.

Nisimlaumu Kamanda peke yake. Miaka miwili nyuma, Aprili hiyohiyo, tulitishwa na Kenneth. Ndugu zake wa Mtwara waliambiwa wakimbilie sehemu za juu, wakabeba magodoro na watoto, wakakesha, na Mtwara ikapata mvua ya kawaida tu. Kenneth alikata kona akaingia Cabo Delgado, akavunja nyumba za watu tunaozungumza nao Kimakonde na kuoana nao. Kwa hiyo nilipomwambia Kamanda, "Mke wangu, haya mambo huwa yanapita," alinitazama kwa muda mrefu. "Yanapita kwa nani, Baba Saidi?" Nikanyamaza. Nikapewa sepetu.

Kazi yangu ilikuwa kujaza mchanga kwenye viroba. Injinia alikuwa na nadharia: upepo hauwezi kubeba kizito, basi bati tulipe uzito. Nikajaza viroba kumi na viwili, mchana, jua la utosi, mdomo mkavu kwa saumu. Yeye akavipandisha kimojakimoja, akavipanga juu ya paa kama maandazi kwenye sinia. Kisha akaazima nanga ya mashua ya jirani, akaifunga kwenye boriti kwa kamba ya nailoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mpapai. Mpapai! Mti ambao mbuzi akiuegemea kwa mawazo unainama. Nikauliza. Akasema, "Shemeji, hesabu zake huzijui." Kuku wote wakahamishiwa sebuleni. Jogoo akachagua kiti changu.

Bibi muda wote yuko kibarazani na tasbihi yake, anacheka bila sauti, mabega tu. Nilipopita na kiroba cha tisa, nikainama kwa adabu, nikasema, "Mama, wewe unaonaje?" Akasema, "Mwanangu, mie mwaka wa hamsini na mbili hatukuwa na kiroba hata kimoja."

"Mkafanyaje?"

"Tulilia."

Jumapili, tarehe 25, Kamanda alipanga zamu. Mie nilipewa ya kutazama bahari, ingawa kutoka kwetu bahari haionekani ila ukisimama juu ya ukuta wa choo. Nikasimama. Kulikuwa na wingu. Kulikuwa na upepo, ule wa kusi likianza, unaokufanya ufunge kifungo cha juu cha shati. Alasiri likaanguka rasharasha. Watoto wakapiga kelele, "Jobo huyo!" Jani moja la mpapai likatikisika, na nanga ikabaki imelala chini kama mzee aliyekula daku mara mbili.

Kumbe Jobo alikuwa ameshachoka huko baharini. Vimbunga vya upande huu huzaliwa mbali, huko mashariki kwenye maji ya moto, na vingi havitufikii kabisa. Kinachoponyoka kikisogea kwetu mara nyingi hukutana na upepo wa juu unaokipinda shingo, na hewa kavu inayokikausha. Mamlaka yenyewe ilitangaza kwamba Jobo amepungua nguvu. Redio Kivinje hakuileta habari hiyo. Haikuwa na mguu hata mmoja.

Sasa fikiria jikoni, dakika kumi kabla ya Magharibi. Chungu kiko jikoni, muhogo wa nazi na vipande vya pweza, tui zito linatokota taratibu na kutoa vile viputo vizito vinavyopasuka kimojakimoja. Kamanda kainama anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, atema. Juu, viroba vimekunywa rasharasha ya alasiri, na mchanga ukilowa uzito wake si uleule. Bati letu la jikoni ni la zamani, limeliwa na hewa ya chumvi. Likatoa mlio mmoja, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba mkopo. Kamanda akarudi nyuma hatua moja. Kiroba kikashuka na duara lake la bati, kikaingia chunguni bila hodi.

Adhana ikaanza. Tukafungua kwa tende na maji, watu saba na kuku kumi na mmoja. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa Bibi, aliyechota kipande cha pweza, akakisuuza mchanga kwenye kikombe, akakitafuna akiwa amefumba macho. "Hata hamsini na mbili," akasema, "chungu hakikupigwa."

Injinia aliahidi kuleta bati keshokutwa yake.

Mei 2024 keshokutwa hiyo ilikuwa bado haijafika, na turubai lilikuwa limepauka. Nikaamua kwenda mwenyewe Dar, nilikoahidiwa bei ya kirafiki. Wakati huohuo kikatangazwa kimbunga kingine, Hidaya. Nyumbani watu walicheka. Kimbunga kuitwa zawadi! Kamanda ana shangazi wa jina hilo, mwanamke asiyeweza kukemea hata paka. Hakuna aliyenunua msumari. Jobo alikuwa ametufundisha. Ni Bibi tu aliyenipigia simu nikiwa Dar, sauti yake ikiwa chini isivyo kawaida, akasema, "Baba Saidi, usisafiri. Mafundo yananiuma ya hamsini na mbili." Nikamwitikia vizuri, nikakata, nikapanda basi na mabati yangu manne kwenye keria.

Hidaya alifika Mafia tarehe 4 Mei, naye pia akaishiwa nguvu. Lakini mvua zake hazikuishiwa. Zilibomoa barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, daraja likaenda na maji. Sisi wa rika langu tunaikumbuka barabara hiyo kabla ya Daraja la Mkapa la 2003, enzi za kuvuka Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, masika inakukuta njiani, unafika kwako na ndevu. Tulidhani tumeyahama, kumbe tumekwama. Msururu wa malori na mabasi ulipotelea mbele nisiuone mwisho, na kwangu ni kama naweza kunusa moshi wa jiko.

Usiku wa pili mvua ikarudi. Nikashusha mabati, nikayaegemeza ubavuni mwa basi, nikaingia chini yake pamoja na kondakta, mama mmoja muuza samaki wa kukaanga na ndoo yake. Simu ikaita. Kamanda.

"Huko mvua ipo?"

"Ipo."

"Na huku ipo, turubai limeng'oka. Mabati umepata?"

"Nimepata."

"Yako wapi?"

Nikatazama juu. Tone lilikuwa linatembea taratibu kwenye ukingo wa bati, likitafuta shingo yangu.

"Nimeshayaezeka," nikasema.