Huku Kupumzika Ni Kubeba Mzigo

Wapendwa Baba, Mama, Nyanya na nyote mlioko Kibirichia,

Mimi ni mzima, ng'ombe ninaowakamua ni wazima, na baridi ya huku Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, haimtishi mtu aliyelelewa chini ya Mlima Kenya. Wanaonitisha ni wenyeji. Tulipopewa likizo fupi, vijana ninaofanya nao kazi waliniambia twende mji wa Te Anau tukapumzike. Nikapiga pasi shati jeupe. Kumbe kupumzika kwao ni kushindilia hema, sufuria na jiko la gesi kwenye begi, kulibeba mgongoni na kuingia msituni hadi magoti yaombe radhi. Nyanya, miaka yote uliyotoka msituni na mzigo wa kuni ulikuwa likizoni, na hakuna aliyekuambia.

Wapagazi hawapo. Kwetu mgeni anayepanda mlima kupitia lango la Sirimon huwalipa vijana wabebe mizigo, yeye akabeba kamera. Huku anabeba mwenyewe, na pahali pa kulala njiani analipia.

Njia yenyewe inaitwa Kepler. Ilifunguliwa mwaka 1988, nayo ni mzunguko wa kilomita 60. Sisi tulishika kile kipande kinachofuata ukingo wa Ziwa Te Anau hadi ufuo wa Brod Bay. Ziwa lina kina cha mita 417. Lizamisheni jengo la KICC la Nairobi humo hata paa lisionekane. Msitu umeshuka hadi majini, na mimi kila kona nilikohoa na kupiga makofi nikikagua kama kuna kinyesi cha ndovu. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Nikawaeleza kwamba kwetu ndovu hafikiwi bila hodi. Wakacheka sana. Nchi hii haina ndovu, nyati wala chui, haina hata nyoka. Mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha ni popo peke yake. Wa kuogopwa ni kea, kasuku wa kijani wa milimani anayedonoa viatu vilivyoachwa nje ya hema. Halafu kuna usubi. Kapteni James Cook aliwalalamikia mwaka 1773, na nathibitisha kwamba wajukuu wao hawajaokoka.

Baba, aya hii isome ukiwa umeketi. Jioni wenzangu walitoa paketi ya unga mweupe, wakamimina maji moto, wakakoroga, wakaniambia hivyo ni viazi. Viazi! Nilikuwa nimebeba vibichi kutoka shambani, na njia nzima walikuwa wamenicheka kwa uzito wake. Vilipoanza kunukia kwenye sufuria, kila mmoja alikumbuka kwamba sisi ni marafiki wa tangu zamani.

Kesho yake tukavuka ziwa kwa boti kwenda kwenye pango. Aliyelipata ni Lawson Burrows, mwaka 1948, baada ya miaka mitatu ya kulitafuta. Mwaka huohuo, kwenye milima ya juu ya ziwa hilihili, daktari Geoffrey Orbell alimpata takahē, ndege asiyeruka ambaye watu walidhani ametoweka. Ndani ya pango mto unanguruma. Kisha unapanda mashua, taa zinazimwa, na mnaambiwa mnyamaze. Juu ya kichwa kunawaka vijinuru vya samawati visivyo na idadi. Wageni wakashusha pumzi kama wako kanisani.

Wanaowaka hao si vimulimuli wetu. Ni viluwiluwi vya nzi mdogo, na nuru hutokea mkiani, kwenye viungo vinavyofanya kazi ya figo. Naam, tulilipa pesa nyingi kutazama makalio kwa unyenyekevu. Kila kimoja huning'iniza nyuzi zenye ute unaonata. Mdudu aliyeletwa na mto huona mwanga, hudhani ni anga, hupaa na kunaswa. Mwenye uzi huuvuta taratibu na kula. Ni kama dalali wa viazi msimu wa mavuno: tabasamu linang'aa, na kadiri anavyoona njaa ndivyo linavyozidi kung'aa, mpaka umfungie gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi. Tofauti ni kwamba huyu mdudu akishakua hana mdomo wa kulia. Huishi siku chache tu, akapandana, akafa. Madalali wetu hawajafikia hatua hiyo.

Sasa neno langu. Juu ya mashamba yetu kuna Ziwa Rutundu, na mjukuu wa Malkia wa Uingereza alitoka kwao mwaka 2010 akaja huko kumposa mchumba wake. Sisi tuliozaliwa chini yake tumekaa tukiangalia mawingu. Nikirudi tutapanda wenyewe: binamu awe ameulizia kiingilio cha hifadhi ya mlima, na Baba aweke kando viazi vya aina ya shangi vya kutosha. Mama, usikubali mtu yeyote anunue vile vya unga.

Wenu,
mkamuaji wa Southland