Mheshimiwa Mkwamo

Tangu gemu za ngumi zihamie mtandaoni, mkwamo, yaani kule kuchelewa kwa mtandao, umetukanwa kwa kila lugha inayosikika Kabeza, na Kigali lugha si haba. Kijana wa Tekken akipigwa, kosa ni la mkwamo. Akishinda, ushindi ni wake peke yake. Hilo tu lingetosha kuupa cheo, maana hakuna mwingine mtaani anayebeba aibu za watu kila usiku bila mshahara wala kujitetea. Lakini hiyo ni sifa ndogo. Kubwa ni kwamba mkwamo humlazimisha mchezaji akumbuke kuwa anapigana na mtu.

Hesabu zenyewe zinaushuhudia. Gemu hizi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu huishi milisekunde 17 hivi. Ngumi nyepesi katika Tekken hufika kwa fremu 10. Jicho na kidole cha binadamu, hata vikiwa vimelala vizuri, huhitaji milisekunde 200 au zaidi kujibu vilichokiona, nazo ni fremu 12. Maana yake ngumi ile haizuiwi kwa kuonwa hata mkiwa mmekaa kochi moja. Huzuiwa kwa kutarajiwa. Yanayoonekana yakija ni mapigo mazito, kama yale mateke ya chini yanayochukua fremu zaidi ya 20, na hapo ndipo hodari wa macho hujipatia jina. Sasa uingie mkwamo wa milisekunde 100. Fremu sita zimekwenda, teke zito limekuwa jepesi, na hodari wetu amebaki na macho yake. Afanyeje? Itambidi amjue aliye upande wa pili: kama ni yule anayeinuka kwa teke kila akianguka, au anayekimbilia kukaba akiogopa, au anayepoteza subira akizuiwa mara mbili. Aliyezoea kusoma skrini anaanza kusoma tabia, na hakuna mwalimu wa kulipwa ambaye angemfikisha hapo kwa haraka hivyo. (Nasema mkwamo uliotulia. Ule wa fremu mbili sasa hivi na tisa baada ya pumzi moja siusifu, na wanaohubiri waya badala ya Wi-Fi wana haki. Hata sifa za mzaha zina mipaka.)

Mkwamo pia ndio mwalimu wa jiografia aliyebaki. Kabeza imepakana na uwanja wa ndege wa Kanombe, na mtu anaweza kudhani dunia iko mlangoni. Mtandao haupandi ndege. Rwanda haina bahari, kwa hiyo data nyingi zinazokwenda ng'ambo hupita kwanza kwa majirani hadi pwani, Mombasa au Dar es Salaam, ndipo zizame. Mwanga ndani ya kioo cha waya husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Mpinzani aliye mwisho wa waya wa kilomita 10,000 yuko milisekunde 100 kwenda na kurudi, kabla ya mtambo wowote wa njiani kuchukua ushuru wake. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, Afrika Mashariki nzima ilikumbushwa somo hilo bila kuomba.

Watasema dawa imeshapatikana. Kweli, mwaka 2006 Tony Cannon, aliyechoshwa na mapigano mabovu ya mtandaoni, alitengeneza GGPO, mfumo usiomsubiri mpinzani bali unaobashiri atakachobonyeza, kisha hurudisha mchezo nyuma na kuusahihisha ukibashiri vibaya. Leo gemu kubwa za aina hii hufuata njia hiyo. Lakini tazama inavyobashiri: kwa kawaida hudhani mtu ataendelea kufanya alichokuwa akikifanya. Basi hata mashine, ilipobanwa na mkwamo, ilibidi iwe na maoni kuhusu binadamu, na maoni yake ni duni kuliko ya kinyozi yeyote wa Kabeza. Wengine watataja wanaochomoa waya makusudi wakiona wanazidiwa. Hiyo ni dhambi ya mkono, na tena imekujulisha mtu ambaye usingemjua kwa kombo zake.

Hoja nzito ni moja: anayeishi mbali na nyaya nono atapambana vipi na walio bora? Sifa tupu haziijibu. Lahore inaijibu kiasi. Arslan Ash wa mji huo wa Pakistan alishinda mashindano ya EVO Japan Februari 2019, akashinda EVO ya Las Vegas Agosti mwaka huohuo, akawaambia waliomshangaa kwamba kwao wapo wengine kama yeye. Haikuwa majigambo: Atif Butt, wa nchi hiyohiyo, akatwaa taji la Tekken World Tour la msimu wa 2022. Hawakunolewa na seva za Tokyo. Walinolewa na watu wa karibu, ana kwa ana, katika kumbi za michezo za mitaani. Na kwa wasiopenda kutoka nyumbani, gemu nyingi za ngumi huunganisha wachezaji moja kwa moja, na Kigali ina kituo chake cha kubadilishana data, RINEX, tangu 2004. Pambano la Kabeza na Nyamirambo halina haja ya kuonja chumvi. Atakayesema Lahore ni jiji la mamilioni na Kabeza ni mtaa tu, amesema kweli. Ndiyo maana mitaa jirani ya Remera na Kimironko ipo, na nauli ya pikipiki hadi huko haipiti chini ya bahari.