Mnara Mnaukataa, Mtandao Mnautaka

Nyumbani kwangu mtu akitaka kuongea na simu huenda dirisha la stoo. Sebuleni kuna makochi, ila mtandao hakuna. Chumbani, ambako mtu angesema siri zake kwa raha, ndiko simu inakoandika kabisa kwamba ni ya dharura tu. Kilichobaki ni stoo, kati ya gunia la mkaa na ndoo ya mchele. Simu inawekwa juu ya kopo la rangi lililobaki tulipopaka geti, spika inafunguliwa, na wewe unapeleka mdomo kwenye nondo za dirisha unapiga kelele. Ukiishika mkononi, inakata. Ukilisogeza kopo kushoto upana wa kiganja, inakata. Mama watoto amelichorea duara la chaki pale lilipo, na mtoto anayelihamisha anahesabiwa kosa moja na aliyevunja kioo.

Chini ya dirisha hilo kuna njia ya mkato ya kwenda kwenye genge la mboga. Kwa hiyo muuza genge anajua nadaiwa kiasi gani kwenye kikoba, anajua bosi aliniitaje Jumatatu, na anajua mama mkwe ana malalamiko. Juzi nimeenda kununua nyanya, ananipimia huku ananishauri: "Kaka, lile deni ungelipa nusu kwanza."

Mama mkwe naye usimseme, ana haki yake. Kila akipiga anajibiwa na yule dada wa kwenye simu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Dada yule ana sauti ya upole, na mtu mzima haamini kwamba sauti ya upole namna ile inaweza kuwa inatangaza hitilafu. Anaamini nimezima. "Mkwe wangu, siku hizi hata mimi unanizimia simu?" Shikamoo mama, hapana mama, ni mtandao mama. "Mtandao gani huo unaokatika nikipiga mimi tu?"

Ubaya zaidi uko kwenye ujumbe. Ujumbe ukikukosa haupotei, unasubiri huko kwa kampuni ukijaribiwa tena na tena. Ukipanda barabara kuu asubuhi unapokea yote kwa mkupuo: shangazi kazidiwa, shangazi kalazwa, mbona kimya, shangazi katoka hospitali, ahsanteni wote mliojitolea isipokuwa wachache tunaowajua. Ujumbe pekee unaofika stoo kwa wakati, jua liwe au mvua, ni ule wa tapeli: "Ile hela itume kwenye namba hii." Huyo sijui anatumia mnara gani. Nikimpata nitamwomba anielekeze.

Sasa nieleze tunakaa wapi. Tunakaa Goba, na Goba kwa asiyepajua ni vilima na mabonde. Waliokuja na hela walinunua kilimani, tuliokuja na moyo tukanunua bondeni. Mnara uko ng'ambo ya kilima. Ukipanda barabarani unauona vizuri na taa yake nyekundu, ukishuka kwangu unaona mgongo wa kilima na miembe ya watu. Mawimbi ya simu hayana tabia ya kupanda kilima, kugeuka na kushuka upande wa pili kumtafuta mteja. Yanapinda kidogo, yanaakisiwa kidogo, na kinachofika bondeni ni makombo.

Hata makombo hayo tumeyafungia mlango. Tazama nyumba zetu za kisasa. Juu bati, na bati halipitishi mawimbi ya simu, linayarudisha yalikotoka. Kuta zina nguzo za zege zenye nondo, na slabu mtu anaweka hata penye chumba kimoja ili majirani wajue kwamba iko siku atapandisha ghorofa. Madirishani tumeweka vile vioo vya kuakisi vinavyotuwezesha kuwaona wapita njia wao wasituone. Kinachoakisi pale mara nyingi ni utando mwembamba wa metali, nao unaakisi na mtandao. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alitengeneza chumba akakifunika kwa metali ili kuonyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani. Yeye alifanya vile kwa ajili ya elimu. Mimi nimekijenga chumba hicho hicho kwa mkopo wa benki.

Stoo imepona kwa sababu dirisha lake hatukulimalizia, lina nondo na wavu wa mbu basi. Umaskini una baraka zake.

Mtu ukilalamika mtandao hukosi waganga. Wa kwanza ni shemeji, anayejua kila kitu isipokuwa tarehe ya kurudisha hela ya watu. Shemeji alisema simu iwekwe ndani ya sufuria, sufuria itavuta. Tukaweka. Vistari viwili vilivyokuwepo vikaondoka, maana sufuria nayo ni metali, na ukiizungushia simu metali pande zote umeifanyia kile kile bati lilichoifanyia nyumba. Shemeji hakukubali. Alisema sufuria yetu ni nyepesi.

Wa pili ni fundi simu wa stendi. Huyu tiba yake ni moja kwa magonjwa yote: "Bro, hii simu imechoka." Kabla hujauliza imechokaje ameshakutolea nyingine kutoka chini ya kioo. Nikamwambia simu hii hii ikifika Mwenge inashika hadi inarusha video. Akasema ndiyo, huwa zinajikaza kwa muda.

Wa tatu ni mpwa wangu wa chuo, na huyu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumchangia ada, nimeona hela yangu ilikoenda. "Mjomba, usiangalie vistari. Kila kampuni ya simu inajichorea vistari inavyopenda. Angalia desibeli." Akaingia kwenye Mipangilio, akashuka mpaka kuhusu simu, akafungua hali ya laini, kukatokea namba yenye alama ya kutoa mbele. Kilimani barabarani, hasi 80. Stoo, hasi 110. Nikasema basi si mbaya, tofauti ni 30 tu. Kijana akacheka kicheko cha watu waliosoma. Kumbe kwenye namba hizo kila ukishuka kumi, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Ukishuka thelathini, imebaki sehemu moja ya elfu. Maana yake jirani wa kilimani anapokea mara elfu moja ya ninachopokea mimi, na bando tunanunua bei moja. Hakuna soko lolote Dar es Salaam ambapo mtu angekubali kuuziwa hivyo.

Ni yeye aliyenitegulia na kitendawili cha kopo. Mawimbi ya megahezi 1,800 yana urefu wa sentimita kama 17. Yakigonga bati la jirani, ukuta na kilima, yanarudi kwa njia tofauti na kukutana stoo. Pengine yanakutana yakaongezeana, pengine yanakutana yakauana, na kutoka penye neema hadi penye laana ni sentimita chache tu. Duara la chaki la mama watoto ni fizikia tupu.

Ushauri wake mwingine nautoa bure kwa wanabonde wenzangu. Kama shida yako ni kuongea tu, ishushe simu kutoka 4G iende chini, kwa sababu mitandao ya zamani mara nyingi hutumia masafa ya chini kama megahezi 900, ambayo hupenya kuta na kupinda vilima kuliko ya juu. Simu ikiganda, iweke hali ya ndege kidogo kisha uirudishe, itaanza upya kutafuta mnara ulio bora badala ya kung'ang'ania uliochoka. Ukiwa na intaneti ya waya yenye Wi-Fi, pigia humo. Na jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kununua simu nyingine, maana minara yao haikai mahali pamoja.

Kuhusu ile mashine ya kuvuta mtandao inayouzwa kwa bei ya mbuzi wa Idi, alinishika mkono kabisa. Mashine hiyo ina antena ya nje, kikuza nguvu, na antena ya ndani. Antena mbili zikikaribiana zinaanza kusikilizana zenyewe, na kinachotokea ni kile cha maikrofoni iliyosogezwa mbele ya spika harusini. Tofauti ni kwamba kelele hii huisikii. Unaisikia mnara, na mtaa mzima unakosa mtandao kwa sababu yako. Ndiyo maana vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimethibitishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na vya kukuza mtandao si vya kuokota sokoni na kufunga mwenyewe juu ya bati. Muuzaji nilipomuuliza habari ya kuthibitishwa, alinithibitishia yeye mwenyewe.

Hayo yote ni kujifariji. Dawa ya bonde ni mnara, na mnara ulikuja ukaondoka. Hapo ndipo penye donda langu.

Kuna wakati kampuni moja ilileta watu wake, wakapima, wakaitisha mkutano kwa mwenyekiti wa mtaa. Sijawahi kuona mahudhurio ya namna ile, hata wakati wa kugawa vyandarua. Jirani yangu wa geti jeusi akasimama, akakohoa, akasema mnara una mionzi, mionzi ina saratani, na yeye hawezi kuruhusu watoto wa mtaa huu wachomwe. Makofi. Mzee mmoja akaongeza kwamba minara hufukuza mvua. Makofi zaidi. Kina mama wakauliza habari ya mimba. Wataalamu wakajaribu kueleza, lakini mtaalamu anayeanza sentensi na "kitaalamu" mbele ya mkutano wenye njaa ya saa saba mchana ameshashindwa. Karatasi ikazungushwa, sahihi zikajaa, mnara ukaenda kwa wenzetu.

Sasa ndugu zangu wa geti jeusi, tukae tuongee. Ni kweli mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake haujatosha. Ila ushahidi uliowafikisha pale ulihusu simu inayobanwa sikioni, wala si mnara uliosimama kwenye kiwanja cha watu. Na ukisoma orodha ya kundi hilo la 2B utakuta na dondoo la jani zima la mshubiri. Jirani yangu wa geti jeusi ana mishubiri sita kwenye makopo mlangoni, na anaitwanga anakunywa kila asubuhi kusafisha tumbo. Hiyo hakuiitishia mkutano.

Kibaya zaidi ni hiki. Simu haiko kimya mfukoni. Nayo inarusha mawimbi kuujibu mnara. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona. Mnara ukiwa mbali, nyuma ya kilima, simu inapaza sauti mpaka mwisho wa uwezo wake. Ndiyo sababu huku kwetu chaji haifiki jioni na simu inapata joto shavuni. Zile simu za tochi kwenye mtandao wa zamani hufika wati mbili zikikazana, na zinakazania wapi? Kwenye sikio. Nguvu ya mnara hupungua haraka kadiri unavyokuwa mbali nao, lakini sikio lako liko mbali kiasi gani na simu yako? Aliyekataa mnara kwa kuogopa mionzi amejiletea mionzi mingi zaidi, na anaipokea kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa amelipia bando.

Nilimweleza hayo jirani. Alinisikiliza kwa adabu kwa sababu alikuwa kwangu, stoo, juu ya gunia la mkaa, amekuja kuomba dirisha ampigie mwanawe aliyeko Mwanza. Akasema, "Nimekuelewa. Mnara si mbaya. Ila usikae karibu na watu." Nikamuuliza uwahudumie kina nani basi. Akanyamaza, akarudi kumpigia kelele mwanawe.

Mwezi huu nimeamua. Nimeandika barua ya kuomba mnara urudi, nikaanza kuzunguka nayo nyumba kwa nyumba. Wiki ya kwanza watu waliipokea barua kwa vidole viwili. Kisha mwenyekiti wa mtaa akaropoka jambo ambalo wale wataalamu walipaswa kuanza nalo: kampuni ya mnara humlipa mwenye kiwanja kodi ya pango, kwa mkataba wa miaka. Jioni ile ile watu wananifuata wenyewe. Yule mzee wa mvua ana kona nzuri nyuma ya banda la kuku. Wa geti jeusi ana nafasi mbele, na mishubiri anasema inahamishika. Shemeji, ambaye hana kiwanja Goba wala popote, anataka awe dalali.

Mionzi haijatajwa tena hata mara moja. Kilichobaki ni ugomvi wa nani apewe mnara, na umekuwa mkali hadi mwenyekiti ameagiza hoja zote zipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ili watu wasishikane mashati. Tumekubali kwa kauli moja. Hoja hazijaanza kuingia, maana foleni ya dirisha langu la stoo ni ndefu, na leo nimeanza kuitoza.