Kesi ya Spika Nne

Siku wanyama wa Mbuyuni walipopokea basi lao dogo kutoka bandari ya Dar es Salaam, Punda, dereva wake, alilizunguka mara tatu bila kusema neno. Lilikuwa limetumika Japani, na kijiji kizima kilikuwa kimelichangia karanga misimu miwili. Katikati ya dashibodi palikuwa na kioo cha redio na ramani. Kioo hicho ndicho kilichokuja kushtakiwa.

Mashtaka yalikuwa manne, na Kasuku, katibu wa kijiji, aliyasoma kwa sauti ileile aliyoisikia kwa Fisi, fundi wa kijiji. Redio ni kiziwi: inakomea 90, na stesheni nyingi za nchi ziko juu ya hapo. Ramani imepotea: mshale umesimama peke yake kwenye ukurasa mtupu. Saa ni mwongo: ya ofisini ikionesha 7:00 asubuhi, hiyo inaandika 1:00. La nne ndilo lililomuumiza Bi Kanga. Kila alfajiri alikuwa akisikiliza bei ya karanga kwenye stesheni mojawapo ya zile chache zilizoshika, hadi sauti ilipoingiwa na mluzi. Basi likiondoka, mluzi. Likikimbia, mluzi unapanda kama nyuki aliyenasa sikioni. Bei zikafunikwa. Bi Kanga akauza magunia mawili kwa nusu ya thamani, maana hakuwa na neno la kumjibu mnunuzi.

Fisi alisikiliza mara moja tu. "Spika zimekufa."

Zikang'olewa zote nne milangoni, zikatupwa jalalani nyuma ya mbuyu. Zikafungwa mpya. Mluzi ukabaki. Fisi akasema ni amplifaya, ikabadilishwa nayo. Mluzi ukabaki. Kila mara aliondoka na gunia la karanga, na kila mara wazee walizidi kumwamini, kwa kuwa aliyekwisha kulipa magunia mawili huona tabu kukiri kwamba hakununua kitu.

Hapa huniuma kila ninaposimulia. Spika ni kinywa cha mwisho. Ikosee altaneta inayozalisha umeme, ukosee waya, akosee aliyeufunga, inayosikika ikikosea ni spika, na ndiyo inayotupwa.

Fisi aliposema sasa king'olewe kioo chenyewe, baraza likaitwa chini ya mbuyu, asubuhi mapema, basi likinguruma pembeni. Ndipo akasogea Bi Panya Buku, aliyekuja kumtembelea dada yake. Kwao ni Morogoro, ambako ukoo wake hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Kule mwanafunzi hapewi ndizi kwa kubahatisha. Hupewa akionesha mahali harufu ilipo kweli.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba jambo moja kabla hakijang'olewa. Mjomba Punda, zima injini, redio iache."

Punda akazima. Mluzi ukakatika kama uzi. Mtangazaji akabaki peke yake, safi kabisa, akisoma bei ya mbaazi.

"Washa." Mluzi ukarudi. "Kanyaga mafuta kidogo." Ukapanda pamoja na injini. "Achia." Ukashuka.

Majuma matatu, na hakuna aliyewahi kuzima injini na kuiacha redio ikisema.

"Spika haijui injini inazunguka mara ngapi," alisema Bi Panya Buku. "Inayojua ni altaneta, na huu ni umeme wake unaopenya kwenye sauti. Sasa niambieni, ulianza lini?"

Wazee wakatazamana. Bi Kanga ndiye aliyejibu, kwa kuwa ndiye aliyepata hasara: siku ile Mbweha, mwanafunzi wa Fisi, alipofunga betri mpya na tundu la kuchajia simu.

Bi Panya Buku hakumkemea Mbweha. Aliomba tochi na mita, akaingia chini ya dashibodi. Ncha moja ya mita akaigusisha kwenye bodi ya redio, nyingine ikapelekwa kwa waya mrefu hadi kwenye negativu ya betri, injini ikiunguruma na sauti ikiwa juu. Mita ikasoma volti 1.2. Pale ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Waya mweusi wa ethi ulikuwa umehamishwa ili kuipisha chaja, na skrubu yake ikakazwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme wa redio, ukikosa njia ya kurudi nyumbani, ulikuwa ukirudi kwa kupitia waya za sauti zinazokwenda kwenye amplifaya, na ule mtetemo wa altaneta ukasafiri nao.

Akakwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza. Mita: 0.02. Punda akakanyaga mafuta bila kuambiwa, na hapakusikika ila injini na mtangazaji.

Fisi akasema, "Hayo matatu mengine je?"

"Hayo si ugonjwa. Huyu ni mgeni, na hakuna aliyemuuliza kwao wapi." Akaeleza kwamba redio za FM za Japani kwa miaka mingi zilianzia 76 zikaishia 90, na zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo kioo kinasikia kila kinachopita kwenye mlango wake, ila mlango ni mdogo. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa, hufungwa kwenye waya wa antena, bei yake haifiki robo gunia. Kuhusu ramani, alibonyeza mpaka ukafunguka ukurasa wa setilaiti. Kioo kilikuwa kinazisikia tisa, zilizo kilomita 20,200 juu, na nne tu zinatosha kujua mahali ulipo. Kiliandika nyuzi 6 kusini, palepale waliposimama. Masikio yalikuwa mazima. Kitabu kilichokuwa ndani ndicho cha Japani tupu.

"Na uongo wa saa?" Mzee Tembo aliuliza.

"Mzee wangu, sasa hivi ni saa ngapi?"

Tembo akatazama jua. "Saa moja."

"Kioo kimeandikaje?"

Kasuku akasogea, akasoma: 1:00. Akasoma tena, polepole.

Japani iko mbele yetu saa sita. Na sisi, tunapotamka saa, tunapunguza saa sita zilezile kwenye ile iliyoandikwa ukutani. Kwenye kioo kinachohesabu hadi kumi na mbili, saa ya kwao na saa ya vinywani mwetu zinaangukia namba moja. Kwa majuma yote hayo Mbuyuni ilikuwa na chombo kimoja kinachoandika saa kama bibi zao wanavyoitaja, na wakakiita mwongo kwa kuwa hakikufanana na ukuta wa ofisi.

Hakuna aliyefunga baraza. Wazee walibaki wameketi, na Bi Panya Buku akazunguka mbuyu kwenda jalalani, Punda nyuma yake. Akatoa betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5, akagusisha waya zake kwenye miguu ya spika ya kwanza. *Tap.* Karatasi yake ikaruka kidogo, kama kifua cha anayepumua. Ya pili, *tap*. Ya tatu ilibidi aifute tope kwanza, kisha nayo ikajibu.

Ya nne aliigusa mara tano. Mvua ilikuwa imeinyeshea usiku na mchana, koili ikashika kutu. Punda alipojaribu kuiokota, karatasi ikanyofoka ikabaki mdomoni mwake.